Kuchoma Malisho kwa Shauri Jema Katika Ukambani

Msafiri atokaye Mtito Andei kwenda Makindu katika mwezi wa Septemba huona Vilima vya Chyulu upande wake wa kushoto, na si ajabu aone moshi ukipanda juu yake. Moto wa namna hiyo mara nyingi haukuwashwa kwa shauri la mtu yeyote. Huenda mrina asali aliacha kienge chake kikifuka chini ya mti, au mchoma makaa alikwenda zake kabla ya tanuri kupoa, na upepo ukafanya yaliyobaki.

Lakini uko moto mwingine, uwashwao na mwenye ardhi katika malisho yake mwenyewe kwa kusudi la kupigana na vichaka. Watu wa Kitui na Makueni wavijua vizuri vichaka hivyo. Serikali ya wakati wa ukoloni ilipofungua nchi ya Makueni kwa wakaaji wapya katika miaka ya 1940, kazi iliyotangulia zote ilikuwa kufyeka pori, kwa kuwa ndani yake walikaa mbung'o waletao ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Pori likifyekwa halikubali kushindwa. Migunga huchipua toka visikini, kivuli na mizizi yake hunyima majani maji, na baada ya miaka michache ng'ombe hawana ila miiba ya kutazama.

Moto ni panga lisilohitaji mshahara, ila chakula chake ni majani. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu ambaye mbuzi na ng'ombe wake wamekwisha kula malisho mpaka udongo ukaonekana hawezi kuchoma vichaka hata akiwasha viberiti mia. Moto utaruka huku na huku na kufa, na vichaka vitabaki vimesimama. Imempasa kwanza afunge sehemu ile, isilishwe kwa msimu mzima wa mvua au zaidi, mpaka majani yasimame mazito na kukauka. Kufunga malisho ni kazi ngumu kuliko kuwasha moto, na asiyeiweza afadhali ashike panga.

Majani mema ya Ukambani, kama vile mbeetwa na ndata kivumbu, hayafi kwa moto upitao upesi wakati yamelala kwa kiangazi, maana macho yake ya kuchipua yamo chini kabisa ya shina. Hufa yakichomwa yakiwa yameanza kuchipua, au yakichomwa kila mwaka bila kupumzishwa. Kwa hiyo wakati unaofaa ni mwisho wa kiangazi, mvua za Oktoba na Novemba zikiwa karibu.

Na hapo pana hatari ambayo si ya moto. Achomaye majani katika Oktoba ateketeza akiba yake ya mwisho kwa kutumaini mvua, na mvua ya Ukambani haina ahadi. Toka mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilipungua sana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya. Mtu aliyechoma malisho yake yote katika mwaka kama ile aliwalisha ng'ombe wake majivu. Mwenye busara huchoma sehemu moja ndogo tu na kuacha nyingine zimesimama, na mwaka ambao habari za Idara ya Hali ya Hewa si njema, hachomi kabisa.

Akishakata shauri huenda kwa chifu, maana Kenya ina sheria yake juu ya moto wa majani, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sura ya 327, na tena sheria ya misitu ya mwaka 2016 yakataza kuwasha moto ndani ya msitu wa serikali pasipo ruhusa. Kisha huwaendea majirani wote wanaopakana naye, mmoja mmoja, na kuwaambia siku na saa. Hao ndio watakaomsaidia au kumshtaki. Yafaa awaulize pia juu ya mizinga ya asali. Katika Kitui mzinga uliotundikwa mtini waweza kuwa mali ya mtu akaaye mbali, na ada ya shule ya mtoto yaweza kuwa imo ndani yake. Mizinga huteremshwa, au majani hufyekwa na kuondolewa chini ya mti kwa duara pana.

Njia ya kuzuia moto hulimwa siku nyingi mbele. Maksai na plau hupita mipakani mwote, udongo mtupu ubaki. Njia nyembamba ya jembe haitoshi peke yake, kwa maana cheche huruka. Ni mwanzo tu wa kazi. Siku yenyewe mwethya hukusanyika asubuhi, watu wazima wenye nguvu, wakiwa na matawi mabichi, magunia yaliyoloweshwa, majembe, na mapipa ya maji juu ya mkokoteni. Watoto na mifugo hawana nafasi hapo. Mtu mmoja tu ndiye atoaye amri.

Kwanza hutazamwa upepo. Katika miezi ya kiangazi kabla ya mvua za Oktoba hutoka sana upande wa kusini-mashariki, ila vilima huugeuza, basi konzi ya vumbi likitupwa juu husema kweli kuliko kalenda. Ukivuma kwa nguvu au ukibadilika-badilika, watu hurudi nyumbani, hata kama chakula cha mwethya kimekwisha pikwa. Ukiwa mtulivu, moto wa kwanza huwashwa upande ule upepo unakokwenda, kando ya njia iliyolimwa, ili utambae polepole kinyume cha upepo. Watu husimama juu ya udongo mtupu na kuua kila ulimi uvukao. Moto huo ukiisha kula hatua thelathini au zaidi na kuacha ukanda mweusi, pande mbili za kando huchomwa vivyo hivyo. Ndipo mwisho, upande wa upepo, huwashwa moto mkubwa wa kukimbia. Huu ndio uunguzao matawi ya vichaka, nao ukifika kwenye ukanda mweusi hukosa chakula na kuzimika. Awashaye upande huu kwanza ametoa moto wake kwa jirani.

Kazi haiishi moshi ukitulia. Visiki, magogo na mavi makavu ya ng'ombe hushika moto ndani kwa ndani, na upepo wa mchana wa pili au wa tatu huweza kuuamsha. Watu wawili hukesha, wakizunguka mpakani na kufukia kila kifukacho. Baada ya mvua majani mabichi hutokea upesi, na ng'ombe wa kila mtu huyanusa. Lango la sehemu ile hubaki limefungwa kwa miiba mpaka majani yamezaa mbegu na kuzidondosha.