Mortgage: Dhamana Iliyokufa

Neno letu la wiki hii ni "mortgage". Wengi wamelisikia benki, na wapo waliotia saini karatasi zenye neno hilo bila kujua limebeba nini. Kwa Kiswahili tunasema rehani, neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Je, Waingereza nao lao walilitoa wapi?

Walilitoa kwa Wafaransa. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini ya Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa wanasheria wa huko wakawa wanatumia Kifaransa. Katika Kifaransa hicho cha kale, "mort" maana yake ni kufa, na "gage" ni dhamana. Mortgage, basi, ni dhamana iliyokufa.

Kwa nini ife? Zamani hizo mkopaji alimkabidhi mkopeshaji shamba lake. Mapato ya shamba yakihesabiwa kupunguza deni, dhamana iliitwa hai, kwani ilikuwa ikijilipia yenyewe. Lakini mkopeshaji akila mapato hayo na deni likabaki palepale, hiyo ndiyo iliyoitwa dhamana iliyokufa.

Baadaye Thomas Littleton, mwanasheria wa Uingereza aliyefariki mwaka 1481, alilieleza neno hilo kwa namna nyingine. Mkopaji asipolipa siku iliyowekwa, alisema, ardhi imekufa kwake. Akilipa, dhamana imekufa kwa mkopeshaji.

Maelezo hayo ya Littleton yanatuhusu hata sisi tunaoweka nyumba rehani leo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga ya nyumba hayamfiki mkopaji peke yake, humfika pia mke, mume na watoto. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na saini au ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Mwenzi huyo naye anastahili kusomewa karatasi hizo kwa lugha anayoielewa, siyo kuonyeshwa tu mahali pa kutia saini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujashika kalamu uliza: siku ya kulipa ni ipi? Riba ni kiasi gani? Nikichelewa itakuwaje? Dhamana hiyo lazima ife upande mmoja. Tujitahidi ife upande wa benki.