Kijana Anayebeba Vyuma: Je, Kifua Kikubwa Chatosha?

Leo tunajibu swali hili: kijana akishatunisha misuli, je, inatosha? Au anahitaji pia mbio, pumzi na wepesi kama mwanamichezo?

Bila shaka umeviona vyuma vya nyumbani. Kijana hutafuta bomba na mikebe miwili ya rangi, akaijaza saruji, na jioni akaanza kunyanyua chini ya mwembe. Mama, usimkataze. Wako wanaosema kwamba vyuma humfanya mtoto adumae. Hilo si kweli, mradi uzani uwe wa kumfaa, anyanyue kwa njia sahihi na awepo mtu mzima wa kumwangalia. Hata msichana anaweza kunyanyua. Mifupa yake itapata nguvu, wala hatageuka kuwa kama mwanamume.

Shida huanza anapofanya zoezi hilo moja tu, kifua na mikono kila siku, akasahau sehemu nyingine za mwili.

Misuli ya mikono ni kitu kimoja, na moyo ni kitu kingine. Moyo na mapafu hupata nguvu kwa mazoezi yanayomfanya mtu ahemeke na kutoka jasho kwa muda: kukimbia, kucheza mpira, kuruka kamba, kutembea haraka. Ukitaka kujua hali ya kijana wako, mpe mtungi wa lita 20 aujaze maji mferejini na kuuleta nyumbani. Huo ni uzani wa kilo 20. Kama mikono inashika vizuri lakini anasimama kila hatua chache kutafuta pumzi, ujue bado ana kazi ya kufanya.

Viungo navyo vinahitaji kutunzwa. Kijana anayejenga kifua peke yake bila mgongo na miguu anaweza kuanza kuinama mabega, na mgongo unaweza kumuuma. Mwili usiozoea kujinyosha na kujipinda huwa mgumu.

Ni kweli kwamba katika mashindano ya kutunisha misuli waamuzi hutazama ukubwa wa misuli na jinsi inavyolingana. Hawamwambii mshindani akimbie. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Kule Marekani, kuna wakati mashindano ya Mr. America yalitoa alama pia kwa uwezo wa michezo. John Grimek, aliyeshinda mwaka 1940 na 1941, alikuwa amenyanyua vyuma katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Pamoja na misuli yake yote, aliweza kupiga msamba na kujipinda mgongo.

Hapa kwetu Kenya tazama Julius Yego. Mwaka 2015 huko Beijing alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mabega yake yana nguvu, lakini mkuki hautupwi kwa mabega tu. Lazima akimbie, apige mguu chini, ajipinde, ndipo arushe. Na Patrick Makau, mzaliwa wa hapa Machakos, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Yeye ni mwembamba. Mwambie kijana wako kwamba nguvu si unene peke yake.

Basi afanye mazoezi kiasi gani? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, mengi yakiwa ya kuhemeka. Mazoezi ya kujenga misuli na mifupa yawemo angalau siku 3 kwa wiki. Kwa hivyo anaweza kunyanyua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mbio, mpira au kamba viwe kila siku. Kutembea haraka kwenda na kurudi shuleni pia kunahesabiwa.

Achague uzani anaoweza kunyanyua mara 10 hadi 15 bila kupinda mgongo. Akishindwa, apunguze. Asilale chini ya chuma akiwa peke yake. Jua la Matuu ni kali, basi afanye mazoezi asubuhi au jioni, na anywe maji.

Tuje kwa chakula. Hahitaji mikebe ya unga wa bei ghali. Muthokoi na maharagwe, ndengu, kunde, mayai, maziwa, mboga za majani na maembe vinatosha kumjenga.

Jambo la mwisho ni zito. Vijana wengine, kwa haraka ya kutuna, hutumia sindano au vidonge vya steroidi. Kwa kijana ambaye bado anakua, dawa hizi zinaweza kufunga mifupa mapema asirefuke tena. Zinaweza kudhuru moyo na ini, kuotesha matiti kwa mvulana, na kupunguza uwezo wake wa kupata watoto baadaye. Wakitumia sindano moja wengi, wanaweza kuambukizana virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Ukiona amenenepa misuli ghafla kwa wiki chache, chunusi nyingi zimejaa mgongoni, na amekuwa mwepesi wa hasira, usimpigie kelele. Keti naye, umwulize kwa upole, kisha mwende pamoja kumwona daktari.

Kumbuka, mama:

1. Vyuma siku 3, mbio na michezo kila siku.
2. Mwili wote ufanyiwe mazoezi: miguu, mgongo, tumbo, kifua na pumzi.
3. Chakula cha nyumbani, wala si sindano.
4. Akizirai au kuumwa kifua wakati wa mazoezi, au akikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje kesho.

Jukwaani waamuzi hawatamwuliza kama anaweza kukimbia. Lakini maisha yatamwuliza, shambani, kazini na siku atakapokuwa mzee. Msaidie ajiandae sasa.

Mwambie na jirani yako.