Je, Wajua? Mwendo wa Katikati Ndio Unaokula Mafuta

Ole Evinrude alianza kuuza mashine zake za boti Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Leo mashine za aina hiyo hula mafuta mengi kwenye mwendo wa katikati: upande wa omo umeinuka, wa tezi umezama, na mashine inasukuma mlima wa maji. Boti ndogo ikishapanda juu na kuteleza, kila lita huifikisha mbali zaidi.

Kusogeza tangi la mafuta na sanduku la barafu kuelekea omo husaidia kuushusha upande huo, tena bila gharama.

Bapa lililo juu ya propela nalo lilingane na sehemu ya chini kabisa ya boti. Likizama mno, linaburuta maji. Likiinuka mno, propela inavuta hewa na kuzunguka bure.