Mkono wa Gia wa Kwenye Usukani Baada ya Kubadili Giaboksi

Katika Machakos wako watu ambao wangali wanazitunza pikapu zao za Peugeot 404. Motokaa hiyo ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, nayo ilipata sifa kubwa Afrika Mashariki iliposhinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Lakini giaboksi haidumu kama bodi. Ikifa, mwenye gari hutafuta ya Peugeot 504 iliyovunjwa, na hapo taabu huanza. Kwa maana mkono wa gia wa 404 uko kwenye nguzo ya usukani, na 504 nyingi zilikuwa na mkono wa sakafuni.

Fundi mwenye haraka husema, "Gia inaingia, twende." Gia yaweza kuingia nusu tu. Pikapu iliyopakia magunia, ikiteremka Vilima vya Mua, huzuiwa na injini kwa njia ya gia. Gia ikichomoka yenyewe, uzito wote huziangukia breki, nazo zikipata moto mwingi nguvu zake hupungua.

Basi yafaa kufahamu jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi. Dereva akiuvuta mkono kwake au kuusukuma mbele, huchagua safu ya gia. Akiupandisha au kuushusha, huiingiza gia yenyewe. Chini ya nguzo viko vikono viwili vifupi, na kila kimoja husukuma rodi iendayo kwenye kikono cha giaboksi.

Kosa kubwa liko katika urefu wa vikono hivyo. Tuseme kikono cha nguzo kina milimita 50, nacho huzunguka digrii 20. Rodi itasogea kama milimita 17. Ikiwa kikono cha giaboksi kina milimita 50 pia, nacho kitazunguka digrii 20. Lakini kikiwa na milimita 65, kitazunguka kama digrii 15 tu, na meno ya gia hayatashikana sawasawa. Wengi hujaribu kuponya jambo hili kwa kurefusha rodi. Hiyo si dawa. Kurefusha rodi hakuongezi mwendo wake, bali huhamisha mahali pa kuanzia tu: gia ya pili ikipata nafuu, ya kwanza huharibika. Dawa ni kutoboa tundu jipya karibu zaidi na mhimili wa kikono cha giaboksi, au kurefusha kikono cha nguzo. Mkono wa dereva utakuwa mzito kidogo, na hilo ni la kuvumilia.

Pengine gia huja kinyume, juu ikawa chini. Hapo kikono kigeuzwe, rodi ishikwe upande wa pili wa mhimili. Dereva azoeaye mpango wa zamani akiachiwa mpango uliopinduka, siku moja sokoni atarudi nyuma akidhani anakwenda mbele. Bushi zilizolika nazo zibadilishwe kabla ya kupima lolote, kwa kuwa ulegevu wake hula mwendo wote uliotafutwa.

Kupima hakuhitaji vyombo vya ghali. Injini izimwe, magurudumu yazuiwe, na gari iegemezwe juu ya vigogo imara, wala si jeki peke yake. Fundi azifungue rodi, asogeze kikono cha giaboksi kwa mkono mpaka mwisho katika kila gia, na atie alama ya rangi. Kisha arudishe rodi, na mwenzake aliyeketi kitini aingize gia moja baada ya nyingine. Kikono kisipofika kwenye alama, kazi haijaisha, hata kama dereva anasema gia ni tamu.

Jaribio la barabarani na lifanywe gari likiwa tupu, katika mteremko mdogo. Asiende Kyamwilu kutazama kama gia huru ni huru kweli, maana huko macho humdanganya mtu akaona gari linapanda kilima peke yake! Baada ya kilomita 100 hivi, aingie tena chini na kuzitazama alama zile za rangi. Kikono kikiwa hakizifikii tena, nati imelegea au bushi imekwisha kulika.