MAFUTA YA MWILI NA MAMA ANAYETAFUTA MTOTO

Katika vijiji vyetu vya Mbeya na Iringa, mama akikaa miaka miwili mitatu bila kushika mimba, maneno huanza. Wengine husema eti kalogwa. Wengine humshauri mumewe aongeze mke. Mbuzi wanauzwa, fedha inakwenda kwa waganga, na mama bado analia. Leo tutaeleza ugonjwa mmoja ambao ni kati ya vyanzo vya jambo hili. Hauna uchawi wowote.

Ni ugonjwa gani?

Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai. Madaktari huviita ovari. Kwa kawaida, kila mwezi yai moja hupevuka na kutoka. Katika ugonjwa huu mayai huanza kukua, kisha hukwama kabla ya kupevuka. Yai lisipotoka, mimba haiingii.

Dalili zake ni hizi: hedhi hukawia au huruka miezi, ndevu huota kidevuni, na chunusi huwa nyingi. Wengi hunenepa, lakini hata wembamba huupata.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 6 hadi 13 wanao. Wengi hawajui. Hapa nchini, mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto katika Hospitali ya Muhimbili. Karibu watatu katika kila kumi walikuwa na ovari za namna hii.

Mafuta yanaingiaje hapa?

Zamani ilidhaniwa kwamba mafuta ya mwili ni akiba tu, kama mahindi ndani ya kihenge. Kumbe kihenge hiki kinasema! Mafuta hutengeneza homoni, yaani vichocheo vinavyopeleka habari mwilini kwa njia ya damu.

Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani waligundua homoni moja ya mafuta iitwayo leptini. Hii huuambia ubongo: "Akiba ipo, punguza kula." Nyingine ni adiponektini. Hii huisaidia insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza katika nyama za mwili.

Sasa sikilizeni. Mafuta yakizidi, leptini huongezeka, lakini adiponektini hupungua. Hapo insulini hufanya kazi kwa shida, na mwili hutengeneza insulini nyingi zaidi. Insulini nyingi huchochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Ndipo ndevu huota na yai hukwama.

Je, damu inaweza kutoa jibu?

Watafiti wameona kwamba wenye ugonjwa huu wana adiponektini kidogo, hata wakilinganishwa na wanawake wenye uzito sawa na wao. Kwa hiyo wanatafuta kama homoni hiyo inaweza kuwa alama ya kuutambua ugonjwa.

Lakini bado. Adiponektini hupungua pia kwa watu wenye kisukari. Leptini nayo hufuata zaidi unene wa mtu. Kwa hiyo mtu akitaka fedha yako apime homoni za mafuta tu, kisha akupe jibu, usikubali.

Tufanye nini?

Kwanza, sisi tunajua kuandika. Mama aandike katika daftari tarehe ya kila hedhi. Daftari hilo litamsaidia sana daktari.

Pili, aende nalo zahanati. Akihitaji vipimo zaidi atapelekwa hospitali kubwa, kama ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Huko hupimwa damu na kupigwa picha ya ultrasaundi.

Tatu, baba naye apimwe. Kutopata mtoto si kosa la mama peke yake.

Nne, mama mnene apunguze uzito kidogo. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8, hedhi yake inaweza kurudi. Tunajua mama mnene husifiwa kwamba katunzwa vizuri. Lakini soda, maandazi na vyakula vya kukaanga vipungue, mboga na maharage viongezwe.

Tano, dawa za kusaidia yai kupevuka zipo. Hutolewa na daktari, na wengi hupata watoto.

Hata mama mwenye watoto asidharau dalili hizi. Ugonjwa huu huweza kuleta kisukari, na hedhi ikikosekana muda mrefu, hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi huongezeka.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mafuta ya mwili si akiba tu?
2. Kwa nini homoni za mafuta peke yake hazitoshi kuutambua ugonjwa huu?
3. Katika kijiji chako, mama asiyepata mtoto huambiwa nini? Wewe utamwambia nini?