Una Hakika? Swali Linaloudhi na Kuponya

Juma hili tuzungumzie swali dogo ambalo kila aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta amekwisha kuulizwa: Una hakika?

Swali hilo hujitokeza unapotaka kuondoa programu usiyoihitaji tena. Programu nyingi huja na kiondoaji chake. Ukikiita, hakianzi kazi papo hapo. Kwanza hukuonyesha ukurasa unaoeleza kinachoondolewa na mahali kilipo. Pengine hufuata ukurasa mwingine unaouliza kama mafaili uliyoyatengeneza mwenyewe yafutwe au yabaki. Ndipo kazi huanza.

Sisi watu wa Dodoma, mji unaopimwa na kupimwa tena tangu ulipotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, tunaifahamu alama ya X nyekundu ukutani. Hupigwa kabla ya bomoabomoa ili mwenye nyumba apate nafasi ya kutoa kitanda chake, au kukimbia ofisini kusema kwamba kiwanja si hicho. Ukurasa wa uthibitisho ndiyo X ya kompyuta.

Sasa kwa nini mtu auruke? Si kwa ubaya. Chukua chuo chenye kompyuta 60. Fundi akitumia dakika 3 kwa kila moja, saa 3 zimekwisha kwa kubofya tu. Kwa hiyo huandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe. Viondoaji vingi vimeandaliwa kwa jambo hilo. Vilivyotengenezwa kwa NSIS, chombo kinachotumika sana katika Windows, hunyamaza ukiviongezea mkwaju na herufi S kubwa. Vile vya Inno Setup huongezewa mkwaju na neno VERYSILENT, maana yake kimya kabisa. Tena mwandishi wa kiondoaji anaweza kuamua asiuweke kabisa ukurasa wa kuuliza.

Lakini, ndugu zangu, kuruka ukurasa si kulifuta swali. Swali liko pale pale, ila sasa linajibiwa na mtu mwingine. Mwandishi wa kiondoaji huandika mapema jibu litakalotumika wakati hakuna wa kuulizwa. Kama aliandika "ndiyo, futa vyote", basi ndivyo itakavyokuwa kwenye kompyuta zote 60, bila hata moja kupiga chafya.

Nayasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, kijana mmoja hodari alipewa kazi ya kuondoa programu ya zamani ya kuhariri sauti. Aliandika skripti yake vizuri, akaiendesha jioni, akaenda nyumbani. Programu ile ilikuwa inatunza sauti ndani ya folda yake yenyewe, na kwenye ukurasa ulioruka jibu la kawaida lilikuwa kufuta kila kitu. Asubuhi nilikuta mahojiano yangu na wazee wa Kongwa hayapo. Wazee wale walikuwa wakikumbuka mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, matrekta yaliyoharibika na ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama saruji. Programu tungeweza kuiweka tena kwa nusu saa. Wazee wawili kati ya wale walikuwa wamekwisha kufariki. Kijana hakufanya uzembe wa kawaida. Alijibu swali ambalo hakulisoma, na mimi sikuwa na nakala nyingine.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya huku kwetu tu. Novemba 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iTunes toleo la 2 kwa kompyuta za Mac. Skripti iliyokuwa ndani yake ilifuta kwanza nakala ya zamani bila kuuliza. Mwandishi wake alisahau kuzungushia alama za kunukuu jina la mahali pa kufuta. Tuseme mtu ana diski mbili, moja inaitwa "Dodoma" na nyingine "Dodoma Mpya". Amri ya kufuta programu iliyomo ndani ya "Dodoma Mpya" ilikatikia kwenye nafasi baina ya maneno, ikasomeka "futa Dodoma". Diski nzima ikafagiliwa. Apple iliondoa toleo hilo upesi na kutoa la 2.0.1, lakini waliopoteza walikuwa wamekwisha kupoteza.

Basi tufanyeje? Sisemi fundi arudi kubofya mara 60. Nasema aulize mara moja, tena mwanzoni, na amuulize mwenye mali. Programu na kazi za watu ni vitu viwili: kwa kazi za watu, jibu la kimya liwe "zibaki" siku zote. Skripti ijaribiwe kwenye kompyuta moja kabla ya zile 59. Iandike kwenye faili la kumbukumbu kila ilichokifuta. Na kabla ya yote, nakala iwekwe mahali pengine.

Liko pia suala la lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Hata hivyo kurasa nyingi za uthibitisho tunazokutana nazo bado ni za Kiingereza, na karani asiyekielewa vizuri hubofya ndiyo ili zimwondokee. Huyo naye ameruka ukurasa, ingawa ameutazama kwa macho yake.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Mimi wangu nimekwisha kumpakata. Wewe, kabla hujabofya leo, soma kwanza. Hadi juma lijalo, kwaherini.