Yaliyomo Ndani ya Kopo la Mafuta

Mnunuzi asimamaye mbele ya rafu za vipodozi, iwe Kariakoo au Marikiti ya Mombasa, aghalabu huitazama sura ya bibi mrembo iliyopigwa juu ya kopo, akanusa, akauliza bei, akalipa, asiligeuze kopo hilo kuyasoma maandishi madogo ya nyuma, ilhali humo ndimo mtengenezaji anamotakiwa kueleza alichokitia. Kanuni ya maandishi hayo ni nyepesi: kilicho kingi zaidi hutangulia, na vingine hufuata kwa kadiri ya wingi wao, hata kufikia vile visivyotimia sehemu 1 katika 100, ambavyo huweza kupangwa vyovyote. Basi losheni inayojisifu kwa nazi, na jina la Cocos nucifera likaonekana mwisho kabisa, baada ya manukato, ina nazi ya kutajwa tu.

Kwa hakika ngozi haihitaji mengi. Tabaka yake ya juu kabisa ni chembe zilizokwisha kufa, zilizoshikamanishwa na shahamu kama mawe ya ukuta yashikamanavyo kwa chokaa, na kazi yake ni kuyazuia maji ya mwili yasitoke na maradhi yasiingie. Shahamu hiyo ikipungua, kwa sabuni kali au hewa kavu au umri, ngozi hupauka, huwasha na kupasuka. Hapo ndipo gliserini inapofaa. Aliyeigundua, mwaka 1779, ni mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden, alipochemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi akapata ute mtamu, na sifa yake kubwa ni kuyavuta maji na kuyashika. Lakini ikipakwa bila kuzimuliwa, mahali penye hewa kavu, huweza kuyavuta maji ya tabaka za chini za ngozi yenyewe, na ndiyo sababu akina mama wengi hufanya vema kuichanganya na marashi mawaridi.

Mafuta ya mgando yana kazi nyingine kabisa. Asili yake ni uchafu mzito ulioganda kwenye mitambo ya visima vya petroli vya Pennsylvania, Marekani, ambao wafanyakazi waliupaka penye majeraha ya moto. Robert Chesebrough akausafisha, na mwaka 1872 akapata hataza ya kuutengeneza kwa jina la Vaseline. Mafuta haya hayaongezi maji hata tone, bali huyafungia yaliyopo. Kwa hiyo ayapakaye ngozi ikiwa imekwisha kukauka amechelewa, na ayapakaye ingali na unyevu wa kuoga hupata faida yake yote. Sioni haya kusema kwamba kopo hili la bei ndogo, ambalo wengi wamewaachia watoto wachanga, huzishinda krimu nyingi za fahari katika kuihifadhi ngozi kavu. Ila si kila mafuta yafaayo kila ngozi: mwenye chunusi ajihadhari na mafuta ya nazi usoni, maana huweza kuziba vitundu vya ngozi.

Jua nalo hudhuru kila ngozi, na zaidi ile iliyokosa rangi ya kuikinga. Ndiyo maana Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun, wakapewa bure watu wenye ualbino, ambao wengi wao saratani ya ngozi imewaua wangali vijana.

Linalonisikitisha kuliko yote ni mkorogo, yaani vipodozi vya kujichubua ngozi. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali, kila kimoja kwa njia yake, huipunguza rangi ile ile iliyo ngao ya ngozi. Mwanzoni uso hung'aa na mtumiaji husifiwa; baadaye haidrokwinoni humwachia mabaka ya samawati nyeusi yasiyoondoka kwa urahisi, steroidi huifanya ngozi nyembamba hata mishipa ikaonekana, na zebaki hupenya damuni, ikaharibu figo, na kwa mja mzito ikamfikia mtoto tumboni. Tanzania na Kenya zimevipiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini vingali vikiuzwa, vingine katika makopo yasiyo na orodha yoyote, na makopo hayo yasinunuliwe kabisa.

Aliyekwisha kuzoea krimu za steroidi asidhani ngozi itatulia siku anapoziacha: aghalabu huwaka, huvimba na kutoa vipele, na wengi kwa hofu ya hali hiyo huzirudia. Heri aende mapema kwa tabibu wa ngozi, achukue na krimu yenyewe, amweleze bila kuficha ameitumia kwa muda gani.